Chuma Alichokichagua Makokha

Harufu ya tyubu ya baiskeli inapokatwa kwa wembe, ikichanganyika na ya mafuta ya bunduki, ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu pale mtaa wa Ziwani. Baba alikuwa mbeba kiegemeo cha bunduki, enzi zile kuwinda wanyama wakubwa kulikuwa bado kazi halali Kenya. Kiegemeo alikitengeneza mwenyewe: fito tatu nyepesi, zimefungwa pamoja karibu na ncha za juu kwa ukanda wa tyubu, na bunduki ikalazwa kwenye panda iliyotokea. Mgeni akija kuwinda, Baba alimtazama bega kwanza ndipo akachagua fito. Mrefu alipewa ndefu, mwenye kitambi akapewa zinazotanuka zaidi. Chini alizivisha ngozi zisigonge mawe zikamshtua mnyama. Mimi Nekesa, kifunguamimba wake, ndiye niliyeshika fito yeye akikaza fundo. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kazi hiyo naijua mpaka leo, na sioni haya kusema.

Msimu mmoja wa mvua, nyapara wa wabebaji, Makokha, jirani yetu, alileta kiegemeo cha chuma chenye miguu miwili, kinachokunjwa kikaingia kwenye mfuko wa koti. Alikipenda kwa sababu kiling'aa. Wabebaji walikuwa na desturi ya kujaribu viegemeo barazani kwetu kabla ya safari, ufagio ukishika nafasi ya bunduki, na hapo ndipo walipokosea. Baraza ya saruji haina tope wala mawe. Juu yake hata kitu kibovu husimama. Makokha akalaza ufagio, akafumba jicho moja, akapiga "pa!" kwa mdomo, watu wakacheka. Nikakinyakua kile chuma, nikakipeleka penye tope karibu na mfereji wa kuteka maji, nikakiegemea. Mguu mmoja ukazama, nikaanguka kifudifudi.

"Kinazama, Baba!" nikapiga kelele.

"Baba Nekesa," Makokha akasema, "kumbe siku hizi safari zako zinaongozwa na wasichana wa mfereji? Basi tumvike yeye kofia, wewe ubaki hapa uteke maji."

"Huyo ni mtoto tu," Baba akajibu. "Lakini hata mimi ningebeba fito zangu."

"Utabeba nitakachokupa, ama ubaki na mama watoto."

Baba akabeba chuma.

Yaliyotokea alitusimulia akiwa kitandani hospitalini. Walimkuta nyati kwenye udongo mweusi, mvua imetoka kunyesha. Mgeni alipolaza bunduki, mguu wa chuma ukazama, na risasi iliyotakiwa begani ikaingia tumboni. Nyati aliyejeruhiwa hakimbii, anakuja. Alimrusha Baba juu, akamvunja nyonga. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, mbele ya watu wote wa kwetu waliotoka magharibi ya nchi, Makokha akatangaza kwamba Baba alisimamisha kiegemeo vibaya kwa kuwa alikuwa amelewa. Baba yangu hakuwahi kuonja pombe! Hakuna mwindaji aliyemwita kazini tena. Watoto wa mtaa wakatuita wana wa mlevi, nami nikapigana nao mpaka nikazoea ladha ya damu mdomoni. Baba alikufa miaka mingi baadaye, bado anachechemea, bado ni mlevi midomoni mwa watu. Kando ya jeneza lake nikaapa kwamba neno lile Makokha atalimeza mwenyewe, na watu wakimtazama.

Leo nina karakana yangu Kayole. Natengeneza miguu ya kusimamishia kamera za watu wa harusi, na nimewaajiri wanaume waliosoma kunishinda. Mwezi uliopita Makokha aliletwa hapo na mzee wa kanisa kutoka mtaa wa Tena, ameshikwa mkono kama mtoto.

"Nekesa mwanangu, nimekuja tusameheane kabla sijaenda."

"Tusameheane? Mimi nilikukosea nini, mzee?"

"Basi unisamehe."

"Jumapili, nje ya kanisa, sema Baba hakuwa amelewa, na kile chuma ulikichagua wewe. Hapo nitakuchinjia kuku wa kupatana kwa mkono wangu."

Akatazama chini. "Wanangu watasikia."

"Hata sisi tulisikia."

Akaondoka bila kuniaga, na yule mzee wa kanisa akanitikisia kichwa, eti nina moyo mgumu. Ninao. Siku hizi watu husameheana haraka, ndani ya nyumba, kwa maombi mafupi na soda baridi. Ziwani kwetu enzi zile, mtu aliyekuvunjia jina hadharani alilirudisha hadharani, na asiyeweza alihama mtaa. Mimi nimebaki wa kule. Sasa kila Jumapili naenda kusali kanisani kwao Tena. Ibada ikikaribia kwisha natoka mapema, nasimama langoni watu wanapopitia, nikimngoja aseme. Makokha ananiona. Anapumua kwa shida, na mimi bado nina nguvu za kusimama.