Chai Niliyompelekea Baba Mkwe

Siku ile naikumbuka kwa hasira kwanza, mwanangu, kicheko kinakuja baadaye. Ulikuwa mgongoni kwangu, unanyonya kona ya kitenge, baba yako alipoingia jikoni pale Kawetele akasema, "Kesho nampeleka mzee sokoni Tukuyu. Yule fundi wa koleo atayang'oa yote, tumalize."

Meno ya babu yako hayo. Wiki mbili sahani ya ndizi ilikuwa inarudi haijafika nusu, na baba yako alisema shavu limevimba na mdomo unanuka. Bibi yako alisema ni uzee, meno ya mzee hukauka kama majani ya mgomba. Nilichemka. Kidato cha nne nilimaliza, na mdomo wangu unaujua, hauna breki. "Uzee gani unaonuka?" nikauliza. "Na akishang'olewa yote atakula nini miaka iliyobaki, uji?"

Lakini mwenye meno ningemwambiaje? Kwetu Unyakyusa mke hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akitokea njiani, unaingia migombani mpaka apite. Nilikuwa nimempikia miaka mitatu mtu ambaye uso wake siujui. Basi nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, yeye yuko uani, nikapaza sauti kwa bibi yako aliyekaa karibu naye.

"Mama, mwambie baba asikubali koleo! Hospitali ya misheni kuna daktari wa meno."

Babu akakohoa. "Mwambie mkwe wangu nimesikia. Na watu wa Lupepo kule mbali nao wamesikia."

Asubuhi tukaenda, wao mbele, mimi na wewe nyuma kabisa. Daktari alikuwa mama mmoja mgeni, mtu wa pwani. Alipomaliza kumchungulia mzee akauliza nani anampikia, akaniita. Nikagoma mlangoni.

"Mkwe haingii," bibi yako akamweleza.

"Haya, asikilize huko huko. Fizi zimerudi nyuma, mizizi ya meno imebaki wazi. Mzizi hauna lile gamba gumu la juu, kwa hiyo huoza upesi, hapa chini karibu na fizi. Mchana anakunywa nini?"

"Chai ya mkwe wake!" bibi akajibu kwa fahari. "Chupa nzima. Vidonge vya presha vinamkausha mdomo, basi anapiga funda moja moja tangu asubuhi hadi jioni. Tamu kama asali!"

Hapo, mwanangu, hasira yangu ilikosa pa kwenda. Nilipokuwa mdogo sukari tuliipangia foleni. Sasa ilikuwa imejaa madukani, nami nisiyeruhusiwa kumwamkia mkwe wangu nilimwamkia kwa vijiko. Sita kila chupa, na siku za sikukuu naongeza.

"Kumbe ni mimi," nikasema nikiwa nimeegemea ukuta.

"Hukujua," daktari akasema. "Shida si utamu tu, ni kila funda. Mdomo haupumziki."

"Atang'olewa yote?"

"Nani kasema? Mawili yamekwisha, hayo nayatoa. Matatu nayakwangua na kuyaziba. Mengine nayapaka dawa ya kuyakaza."

Nikakaa sakafuni pale barazani nikicheka na machozi yananitoka, wewe unanivuta sikio. Baadaye, yale mawili yakiwa yameshatolewa, nikamsikia babu yako, pamba mdomoni: "Mwambieni mkwe wangu, mimi chai tamu hata siipendi."

"Miaka mitatu, mzee!" bibi akapiga kelele.

"Ningeirudishaje? Angesema namdharau."

Basi shika hili, mwanangu. Adabu ya kwetu sijaiacha, bado naingia migombani. Ila adabu isiyouliza inaumiza, na mficha maradhi kilio humuumbua. Huwezi kusema na mtu uso kwa uso? Tafuta ukuta wa kusemea.

Na mzee wako akiacha kutafuna, usikubali neno uzee. Mwombe aangaliwe pale jino linapokutana na fizi. Ukiona weusi au ulaini, mpeleke hospitali mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mnunulie mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, apige taratibu asubuhi na kabla ya kulala, ateme bila kusukutua sana. Kusugua kwa nguvu, au kwa mkaa, kunaimaliza mizizi. Mdomo ukikauka anywe maji, na kama ni vidonge, amuulize daktari, asiviache mwenyewe. Sukari, kama lazima, iwe pamoja na chakula, halafu basi.

Mungu akupe wazee wa kukaa nao muda mrefu, nawe uzeeke ukitafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yako mwenyewe.