Kocha Asiyepiga Kelele

Gari la Kocha Anke lilinuka maganda ya machungwa, viatu vilivyolowa, na dawa kali ya kuchua aliyojipaka kwenye goti lake la kulia. Sisi wasichana wa Lower West Side, mjini Buffalo, tuliipenda harufu ile kwa sababu ilimaanisha tunakwenda kucheza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Karibu sote tulikuwa watoto wa Kivu Kusini, tuliofika Marekani kutoka kambi ya wakimbizi, na Kiingereza chetu kilikuwa bado kinachechemea. Kocha Anke alikuwa Mjerumani mrefu, nywele fupi zimeanza kuingia mvi. Alikuwa amecheza kiungo katika ligi ya wanawake kwao kwa miaka mingi, kisha akaja kuchezea klabu moja ya Marekani, goti likaharibika, akabaki kufundisha watoto. Alitusimulia haya mwenyewe huku akimenya machungwa, bila kujisikitikia hata kidogo.

Kilichowashangaza wazazi wetu ni ukimya wake. Mazoezini aliongea, alionyesha, alirudia. Lakini mechi ikianza alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, akafumbata mikono, asitoe neno mpaka mapumziko. Makocha wengine walikimbia kando ya mstari wakifoka hadi sauti zikawakauka. Baba yangu, aliyefanya kazi katika kiwanda kimoja kule Tonawanda, na ambaye zamani alikuwa beki wa timu ya kanisa nyumbani, hakuvumilia. "Bon, ule mama anafanyaka kazi gani?" aliwauliza wazazi wenzake baada ya ibada, kwa Kiswahili chetu cha Kongo chenye Kifaransa ndani. "Watoto wanapigwa, yeye anakaa tu kama mugeni wa arusi." Basi akajipa kazi ile mwenyewe. Kila Jumamosi alisimama kando ya uwanja akituongoza kwa Kiswahili, mimi nikiwa wa kwanza: Faida, ingia kushoto! Sifa, rudi nyuma! Na kwa kweli ilifaa, kwa sababu wapinzani wetu hawakuelewa neno hata moja. Tukaanza kushinda, na wazazi wakaanza kusema kwamba kabla ya mashindano ya mjini Columbus ingekuwa vizuri Baba Faida aichukue timu.

Baba akaenda kumwambia Kocha, na mimi nikiwa mkalimani. "Mwambie tunamuheshimia sana," baba alisema. "Donc, mwambie pia watoto wanahitaji mtu wa kuwaongoza." Nilitafsiri nikiangalia nyasi. Kocha Anke hakukasirika. Alisema kwamba kwao alizoea kuelekezwa kila hatua, tangu utotoni. Alipokuja Marekani hakujua Kiingereza. Kocha wake mpya alifoka mechi nzima naye hakuelewa kitu, ikabidi aangalie mwenyewe. "Sijawahi kucheza vizuri kama msimu ule," alisema. "Mwambie baba yako aje Columbus. Akiona bado sifai, nitampa filimbi hii, na timu." Nilipomtafsiria, baba alicheka. "Sawa," akasema. "Nitaichukua."

Viwanja vya Columbus vilikuwa vipana na vya kijani, vimepangwa kimoja baada ya kingine hadi macho yakachoka. Tulishinda mechi zetu za mwanzo, baba akifoka kwa raha. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya timu kutoka Louisville. Waliposhuka kwenye basi lao tulimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Niletee maji, dada!" Tukatazamana. Walikuwa watu wetu. Baba alifurahi, akaenda kuwasalimu wazazi wao, akakuta wawili aliowajua kambini. Hakuwaza zaidi ya hapo. Mpira ulipoanza akapaza sauti: "Sifa, pitisha nyuma ya ule mufupi!" Yule beki mfupi akarudi nyuma papo hapo, akaunasa mpira kwa mguu, kisha akamgeukia baba na kusema, "Aksanti, papa!" Uwanja mzima uliangua kicheko. Baba alijaribu tena na tena, na kila alichotuagiza wao walikifikia kwanza. Wakatufunga bao moja. Baba akavua kofia yake, akanyamaza.

Wakati wa mapumziko tulimzunguka Kocha, tukingoja atuokoe. Aligawa machungwa, akauliza, "Mmeona nini?" Nikajisikia nikisema kwamba yule beki mfupi humfuata Sifa kila mahali, na nyuma yake panabaki wazi. "Kwa hiyo?" Nikasema Sifa amvute pembeni, mimi niingie. "Msiniambie mimi," alisema. "Kubalianeni wenyewe." Tukakubaliana kwa minong'ono, vichwa vimekutana, midomo inanata sukari ya machungwa.

Kipindi cha pili hakuna aliyepiga kelele upande wetu. Sifa alimvuta beki hadi kwenye mstari, wala hakunitazama. Aliupitisha mpira mahali ambapo alijua nitakuwepo. Niliupiga chini, ukapita chini ya mikono ya kipa. Baadaye yule beki akaanza kunifuata mimi, na Sifa akabaki peke yake mbele ya lango. Mbili kwa moja. Filimbi ya mwisho ilipolia baba alimwendea Kocha. Alimpa mkono wa kulia huku ameushika kwa kushoto, kama tunavyosalimia wakubwa. Kocha akamnyooshea filimbi. "Hapana, mwalimu," baba akasema, akazungumza naye moja kwa moja bila kuningoja nitafsiri. "Baki nayo."

Leo naishi Louisville, nawahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia watu. Nazungumza Kiingereza kutwa nzima, kwenye simu, na madaktari, na familia za wagonjwa, na Kiswahili nakitafuta Jumapili kanisani. Miaka ile tulijiona kama watu wanaosubiri: tujue lugha kwanza, tuizoee theluji kwanza, ndipo maisha yetu yaanze. Sasa lugha ninayo, theluji hainitishi, na nikipima siku zangu za leo na zile, naona kwamba hatukuwa tunasubiri chochote. Maisha yalikuwa yameshaanza, nasi tulikuwa tunayacheza vizuri.