Uyoga Chini ya Dirisha

Kwetu Nyarubungo, nyuma ya jiko, palikuwa na kichuguu kilichonizidi kimo. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi waliruka hewa ikajaa mbawa, kuku wakawafukuza kila upande, na siku chache baadaye uyoga ukachomoza pale pale. Mama aliuchuma taratibu huku akiusemesha. Hadi leo nikifumba macho naisikia harufu yake, moshi na udongo uliolowa.

Kisha baba akakivunja. Msimlaumu haraka! Mama alikuwa amelalamika miaka nenda rudi kuhusu nyumba ya nyasi inayovuja, na udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali zisizopasuka. Tukachimba, tukafyatua, tukachoma. Nyumba ikasimama jirani na pale kilipokuwa kichuguu, bati juu, na mama akahamia akicheka.

Mvua zilipokuja, kumbikumbi hawakuruka. Kuku wakataga kwa kusuasua. Na mama, aliyekuwa ametoka hospitali baada ya homa iliyomkausha, akagoma kula. Ugali, ndizi, uji, vyote alivisukuma pembeni.

"Nataka uyoga," alisema.

Baba alikwenda kuutafuta hadi Nyamigogo, akarudi na fungu la sokoni. Mama akaunusa tu.

"Huu si wa kwetu."

Niliogopa jamani, tena sana. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa.

Siku zile niliona kama kuta zinapumua. Nilikuwa nazipapasa nikiwaza: udongo huu ulipandishwa na wadudu, wadudu walishiba miti iliyokufa, miti ilikunywa mvua hii hii inayogonga bati. Kumbe tulikuwa tunalala ndani ya kichuguu! Tulichompa mama ndicho tulichomnyang'anya. Nilitamani kumwambia baba, lakini ungemwambiaje mtu aliyejenga kwa mapenzi?

Mvua zikaendelea. Asubuhi moja nikasikia baba anafoka nje.

"Ala! Wamerudi hawa!"

Nikatoka mbio. Chini ya dirisha la mama, pale maji ya bati yanapodondokea, udongo ulikuwa umevimba ukiegemea ukuta. Mchwa walikuwa wanahangaika na ujenzi wao, na katikati yao uyoga ulikuwa umechomoza, mweupe, bado umejikunja. Baba alikuwa ameshainua jembe.

Dirisha likafunguka.

"Mama watoto," baba alisema, "hawa wataila nyumba."

"Waache waile," mama alijibu. "Na mimi nile."