Majani Iliota mu Sahani ya Bibi Yangu

Mi nilisoma mpaka mwaka ya ine, na hata ile sikuimaliza. Lakini wakati nilikuwa nafanya kazi ku ferme, shamba kubwa ya Muzungu mumoja, ku njia ya treni ya Mutshatsha, nilikuwa najiita agronome, fundi wa mimea. Ni mi peke yangu njo nilikuwa najiita vile. Bengine bote balikuwa bananiita Tata wa Majani.

Muzungu alikuwa na ngombe za maziwa. Kila kiangazi majani ya pori inakauka, ngombe zinabakia mifupa. Basi akaagizia mbegu ya majani ya mbali, ndogo ndogo, nyepesi kama mavumbi. Akaniambia: "Wewe ulisoma. Jaribu kwanza kama iko nzima. Majani ikitoka, nakuweka capita, mukubwa wa batumishi, na ile nyumba ya matofali itakuwa yako."

Ile nyumba, mi nilikuwa naitakia tata yangu, mwenye kunizaa. Tata alitoka Kasai kijana, akachimba shaba mpaka kifua ikaisha. Sasa bakubwa ba mine ya shaba balimuambia: mwezi wa munane unarudisha nyumba ya kambi, treni ya kwenu ni ya bure. Kwabo! Kule hakukubakia hata mutu mumoja wa kumujua. Na mi nilikuwa nalala mu chumba moja na bibi yangu na batoto betu batatu.

Nikatia mbegu mu sahani ya bibi, juu ya kitambaa ya maji, nikaiweka pembeni ya mbabula, pale makala inawaka kutwa. Siku ya tano, yote ikaota! Nikabeba ile sahani kwa Muzungu kama mutoto wa kubatizwa.

"Uliiweka wapi?"

"Ku nyumba, Bwana."

Mbabula sikuitaja. Sikuwaza hata kidogo kama ni neno ya kusema.

Tukapanda mwezi wa sita, kando ya mutoni, sababu kule maji iko. Ile mwezi, asubui, baridi inafanya majani ya huku kuwa nyeupe. Mi namwangia maji tu. Juma ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Batu ba ferme bakipita banauliza: "Tata wa Majani, unanywesha udongo? Itazaa udongo mukubwa?" Mi nacheka nabo.

Siku moja ya Mungu, bila kazi, tata akakuja kuniona. Akainama, akatia mukono mu udongo.

"Mutoto, huku kuko baridi sana."

"Tata, ni maji njo inaotesha mbegu. Balitufundisha ku masomo."

"Mi mutu muzima, niko na koti, na mu hii baridi sitoki mu blanketi. Sasa kale kambegu, kako uchi, katatoka namna gani?"

Tukacheka mpaka kikohozi ikamukamata. Kisha nikaenda kuchota ndoo ingine.

Mwezi wa saba Muzungu akafukua kwa kidole: mbegu iko vile vile. "Ulinidanganya," akasema. Nyumba akapatia mutu wa kukamua maziwa.

Mwezi wa munane nikasindikiza tata ku gare ya treni, na koti yake, blanketi na sufuria moja. Ku dirisha ya treni akaniambia: "Usilie, agronome. Nikifika nitakuandikia kama kule kuko joto."

Hakuandika. Aliandika mwalimu wa kule, mistari tatu. Tata alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mwezi wa kumi joto ikapanda, mvua ya kwanza ikanyesha. Nikapita ku mutoni: kijani kila pahali, sawa vile mu sahani. Muzungu akanipiga mu bega: "Kumbe ulisema kweli!" Ku nyumba ya matofali kulikuwa pazia ya mwanamuke mwengine.

Ile majani, ni mi balinipatia kazi ya kuikata. Naikata leo, kesho iko inatoka tena, mbio mbio. Na mi, mutu wa kuchekesha ferme muzima, nilikuwa naikata na kinywa imefungwa.