Nyumba za Magunzi

Wazazi wa Lumakanda walimwita Awinja mwalimu wa michezo, na wala hawakuwa wakimsifu. Nasari yake ya watoto wadogo ilikuwa stoo ya kanisa iliyowahi kuwekwa mahindi, na humo hamkuwa na kiboko wala kuimba a-e-i-o-u hadi koo zikauke. Kwenye kozi Kakamega mjini alifundishwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kile anachokichagua mwenyewe. Kazi ya mwalimu ni kumfuata na kumuuliza. Awinja aliliamini hilo kama wenzake walivyouamini ubatizo.

"Mwalimu, huyu nimeleta asome," babake Mike, mtu wa ng'ambo ya mto, alimlalamikia. "Kuchezanga, hata nyumbani anachezanga. Mfundishe kukunja mikono, anyamaze, asikize."

"Atanyamaza akikua, baba Mike," Awinja alimjibu, akicheka.

Mapema mwaka wa 1992, mavuno yakiwa yamekwisha na magunzi ya mahindi yamejaa kila ua, watoto walichagua kujenga. Wakapanga magunzi yakawa nyumba, kijiji kizima, na mto wa kuchorwa kwa kijiti ukapita katikati. Awinja alifurahi, maana humo humo walihesabu, wakapima, wakagombana na kupatana. Kisha asubuhi moja Mike, mtoto wa miaka mitano, akaanza kuchomeka majani milangoni. Nyumba nyingine aliziruka.

Awinja akachuchumaa kando yake. "Majani ya nini, Mike?"

"Hii iko na jani haichomwi."

"Na hii?"

"Hii haina." Akaisukuma kwa kidole, ikaanguka. Watoto wakacheka, na Abigail, binti wa Awinja mwenyewe, akacheka kuwashinda wote.

"Nyumba yangu mimi iko wapi?"

Mike akakitazama kijiji chake, akaonyesha karibu na mto. Haikuwa na jani.

Awinja aliogopa. Uvumi wa watu kufukuzwa mashambani kwa sababu ya kabila, nyumba zao zikichomwa, ulikuwa umezagaa Lugari nzima, lakini uvumi ni uvumi. Hili la majani mtoto hawezi kulitunga. Amelisikia kwa wakubwa wanaodhani mtoto hana masikio. Jioni alimsimulia mumewe, Makhanu, aliyelirithi shamba lao kwa babake.

"Tuhame sababu ya magunzi?" Makhanu alimcheka. "Hawa tunazikana nao. Babake Mike ndiye alinisaidia kuezeka hii nyumba!"

"Lisemwalo lipo, baba Abigail. Kama halipo laja."

"Basi likija tutaliona."

Hapo angetulia, afungashe vitu kimyakimya. Lakini mwalimu ni mwalimu, ulimi wake umezoea kuuliza. Kesho yake babake Mike alipokuja kumchukua mwanawe, Awinja akamwonyesha kile kijiji pale sakafuni.

"Baba Mike, haya majani maana yake nini?"

Yule mtu aliyatazama magunzi. Halafu akatabasamu, na tabasamu lile Awinja hakulipenda hata kidogo.

"Watoto na michezo yao, mwalimu," akasema, akamshika Mike mkono wakaenda.

Asubuhi iliyofuata Mike hakugusa gunzi. Alikuwa ameketi kwenye benchi, mgongo wima, mikono imekunjwa kifuani. Wenzake wote wa ng'ambo ya mto walikuwa vivyo hivyo, kimya, kama wazazi walivyotaka siku zote. Abigail alikuwa akijenga peke yake.

"Mike, leo hujengi?"

Mtoto akatikisa kichwa, akakaza midomo. Machozi yakamtiririka hadi kidevuni, na hakuikunjua mikono ayafute.

Awinja hakuuliza kitu kingine. Alimfuta kwa leso yake, akawaambia watoto wote warudi makwao, akamshika Abigail mkono, akaenda kumwambia Makhanu afungue ng'ombe, wahame.