Sarafu ya Bunge Iliyotupa Zamu ya Kusema

Enzi zetu mtaani Mangobo, toleka ilikuwa baiskeli yenye kiti cha nyuma kilichoshonewa sponji, na mtu ukipakiwa ulisikia pumzi ya dereva wako kwenye kila mlima. Vijana wa leo wakipanda moto, pikipiki zao hizo, wanalalamika kwamba jua ni kali. Sisi tulitembea peku hadi shuleni, tukarudi tunakimbizana na harufu ya lituma, ndizi ambazo Mama alikuwa akizitwanga uani huku makayabu, samaki wa chumvi, yakichemka kando. Jioni wasichana walicheza nzango, wakirusha miguu na kupiga makofi mpaka vumbi lifike kwa jirani, naye jirani atukane, nasi tucheke.

Tulikuwa watoto watano, na kila mmoja alikuwa na mdomo wake. Papa alikuwa seremala. Akitoka kwenye msumeno na nyundo kutwa nzima, alitukuta sote tunasema kwa pamoja. "Hii nyumba iko soko!" alikuwa akisema, kisha anaondoka na kiti chake kwenda kukaa barabarani.

Ndipo alipofika Tonton Fostini, mdogo wake Mama, aliyekuwa dereva wa mbunge mmoja kule Kinshasa. Alishuka kwenye boti amechoka, na katika mizigo yake mlikuwa na kiboksi chenye kitambaa chekundu ndani. Humo mlilala sarafu nzito, pana kuliko zote tulizowahi kuona, yenye jumba la Bunge upande mmoja na, upande wa pili, maandishi ya kuadhimisha miaka ya Bunge hilo. Wabunge waligawiwa, na yule bosi wake akampa yake. Mdogo wetu Dido aliuliza itanunua beignets ngapi, maandazi aliyoyapenda. Tonton akacheka. "Hii hainunue kitu. Hii iko souvenir, ya kukumbuka tu."

Papa aliigeuza mkononi muda mrefu. Akamuuliza shemeji yake wabunge wanafanyaje ili wasiseme wote kwa pamoja. Tonton akamweleza kwamba mtu huomba neno, akapewa, na wengine hunyamaza. Papa akapiga goti lake kwa kiganja. "Bon! Kuanzia leo, mwenye iko na hii pièce njo anasema. Wengine, funga kinywa. Hata miye."

Basi tukawa na Bunge letu. Kila Jumapili baada ya misa na chakula, kiboksi kilitolewa kabatini. Tulijadili nani alivunja sahani, nani analala upande wa ukuta, kwa nini Dido haendi kuchota maji. Mama akiishika sarafu, tulijua tumekwisha.

Mwaka ule dada yetu mkubwa, Jojina, alimaliza shule ya msingi. Shangazi yetu wa Bafwasende, aliyeuza vitenge kwa wachimba dhahabu, alituma ujumbe: anazeeka, apewe msichana wa kukaa naye dukani. Papa alimpenda sana dada yake, akakubali siku hiyohiyo. Jojina hakulia mbele yetu. Aliacha tu kucheza nzango, na sahani yake ikarudi imejaa.

Jumapili iliyofuata alikwenda kabatini mwenyewe. Akasimama mbele ya Papa, sarafu kiganjani.

"Papa, miye niko na pièce."

"Sema," Papa alijibu.

"Tantine minamupenda. Ku vacances, shule ikifungwa, nitaenda kumusaidia, nitafagia, nitauza. Lakini masomo, Papa, siwezi kuacha. Minataka kusoma mpaka mwisho."

Mama aliuacha mchi ndani ya kinu. Papa alifungua kinywa, akakumbuka, akakifunga. Sijawahi kuona mtu mzima akihangaika vile na amri yake mwenyewe. Hatimaye alinyoosha mkono, Jojina akampa sarafu. Aliigeuza na kuigeuza mpaka sisi wadogo tukaanza kusukumana.

"Nitamuambia tantine atafute mutu mwingine," akasema. "Na weye, kama utacheza na masomo, utaniona!"

Jojina alisoma mpaka mwisho. Leo ni muuguzi huko Bengamisa, na wamama wa kijiji wamewapa mabinti wao jina lake. Sarafu yenyewe ilipotea tulipohama nyumba ile, na hakuna aliyeililia.

Noeli iliyopita tulikutana wote kwa Papa. Wajukuu walikaa mikekani, kila mmoja na simu yake, wanabishana kwenye grupu hali wamekaa bega kwa bega. Sauti anayotuma bibi yao wanaisikiliza kwa mwendo wa mbio, eti Koko anasema polepole. Binti mdogo wa Jojina, aliyebaki Bengamisa na malaria, alituma sauti ya kumsalimu babu. Papa alivua kofia, akaibana simu sikioni, akaisikiliza hadi mwisho, habari za kuku na za sindano.

Kisha akamrudishia Jojina simu.

"Anzisha tena," akasema. "Polepole."