Alichoshukuru Mama Pacha

Chumba cha dobi cha hospitali kilikuwa nyuma kabisa, karibu na mahali pa kuchomea taka, na humo ndimo Mama Pacha alimomaliza miaka tisa ya ujana wake. Mashuka ya chumba cha upasuaji yalifika kwa kigari, mengine yakichuruzika, mengine yamekauka na kukakamaa kama ubao. Kazi yake ilikuwa kuyaloweka kwenye maji baridi kabla ya kuyatia mashineni, maana maji ya moto huigandisha damu kwenye uzi isitoke tena. Wenzake walimtania kwamba akitupia doa jicho tu, anajua kama limetoka puani au kwenye jeraha la kisu. Alicheka nao. Hawakujua kwamba nusu ya ujuzi huo alikuwa nao kutoka nyumbani.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtaani wakimwita Cheche. Huko nje alikuwa mtu wa watu, wa kwanza kusukuma gari lililokwama, wa mwisho kuondoka msibani. Ndani ya nyumba mkono wake ulikuwa mwepesi. Alimpiga mkewe kwa kofi, kwa mkanda, na siku nyingine kwa kipande cha bomba alichokuja nacho kutoka karakana. Aliwahi kumbamiza kwenye mwimo wa mlango hadi jino likatoboa mdomo wa chini. Akimaliza alinawa mikono, akakaa mezani na kuuliza chakula kiko wapi.

Mama yake Cheche aliishi nao. Alikuwa mpishi wa shule hadi miguu ilipoanza kuvimba, mwanamke mnene wa maneno machache, na kila mara alipomkuta mkwewe akijikanda kwa maji ya chumvi alimwambia avumilie, wanaume ndivyo walivyo, hata baba yake Cheche alikuwa hivyo hivyo. Kisha alimshikia kitambaa.

Siku moja muuguzi wa chumba cha ushauri alifika dobi kufuata mashuka akamwona anakunja kwa mkono mmoja, mwingine ameubana kifuani. Hakumchimba kwa maswali. Alirudi na daftari la kurasa mia, akamwambia ndivyo anavyofanya na wote wanaopita kwake: kila siku uandike mambo matatu unayoshukuru, hata yawe madogo namna gani, moyo unapata pa kupumulia. Mama Pacha akaitikia kwa adabu tu. Lakini kesho yake, saa ya mapumziko, alikaa juu ya furushi la mablanketi akaandika. Na kesho kutwa. Ikawa kama dawa.

“Nashukuru leo alitumia mkono, hakutumia bomba.”

“Nashukuru alinipiga mgongoni, sare inafunika.”

“Nashukuru pacha walikuwa shule.”

Alipovunjwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, aliandika kwa kushoto, herufi zikigongana: “Nashukuru ni kidole kimoja.”

Miezi mitano ilipita hivyo. Kisha muuguzi akaomba kuliona daftari. Alisoma amesimama, akifunua kurasa polepole, mpaka mashine moja ikamaliza mzunguko na kunyamaza.

“Dada,” akasema, “nimetafuta humu kitu kimoja ulichopewa, sijakiona. Unashukuru kwa yale ambayo hayajakupata bado.”

Mama Pacha alihisi aibu, kama mwanafunzi aliyekosea hesabu nyepesi. Muuguzi alimrudishia daftari na kumwomba jambo moja zaidi: kuanzia siku hiyo, kila shukrani aiandikie tarehe, saa na alichopigwa nacho. Akafanya hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutii.

Jumapili moja asubuhi, Mama Pacha akiwa anaosha vyombo uani, Cheche alipekua mkoba wa mkewe akitafuta kiberiti. Akaibuka na daftari. Alimwita sebuleni kwa sauti ya chini, na Mama Pacha akajua mambo yameharibika, kwani Cheche akiwa na hasira ya kawaida hupiga kelele. Pacha walikuwa sakafuni wakisuka nywele za mwanasesere. Bibi yao alikuwa kwenye kiti chake karibu na redio.

“Soma,” Cheche akasema. “Tusikie tunavyoshukuriwa.”

Akasoma. Baada ya mstari wa kwanza alipata kofi. Baada ya wa pili, lingine, na la tatu lilimgonga sikio hadi akawa anaisikia sauti yake kwa mbali, kama ya mtu anayesoma chumba cha pili. Damu ilidondokea ukurasa. Pacha mmoja alijikojolea. Cheche alimshika mkewe nywele, akamgeuzia uso kwenye daftari, akamwambia aendelee, asiruke hata neno. Akaendelea, hata alipofika pale ambapo angetamani kuruka.

“Namshukuru mama mkwe. Leo saa kumi na mbili jioni, nilipoanza kupigwa na bomba, aliongeza sauti ya redio ili watoto wasinisikie.”

Alikuwa ameiandika kwa moyo mweupe. Hakukuwa na kejeli ndani yake hata chembe, na pengine ndiyo sababu yule mama ilimwingia vile. Aliinuka. Mtu mwenye miguu ile huchukua muda kuinuka, lakini Cheche alikuwa amempa mgongo. Alitoka hadi jikoni na kurudi na mchi wa kinu. Mama Pacha alimwona akija, akasoma mstari uliofuata.

Pigo la kwanza lilimpata Cheche kwenye mkono uliokamata nywele. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Aligeuka mdomo wazi, na mama yake akampiga tena, begani, kisha gotini, akipumua kwa nguvu kama alivyokuwa akipumua enzi zake jikoni shuleni. Cheche alianguka juu ya meza ya kioo, vipande vikasambaa. Alijaribu kusimama kwa mkono uliovunjika akaporomoka tena, akilia.

“Mama, unaniua.”

“Nimekuzaa,” akasema mama yake. “Kaa chini.”

Angempiga la nne, na la nne lilikuwa linalenga kichwa. Mama Pacha ndiye aliyeushika mchi. Walivutana hapo juu ya yule mwanamume, wote wawili wamelowa damu yake na ya mkewe, mpaka vidole vya yule mama vikalegea. Halafu Mama Pacha akawabeba pacha, mmoja mmoja, akawapeleka kwa jirani.

Polisi walipokuja, mama mkwe alinyoosha mikono afungwe pingu. Walimpeleka kituoni, wakamwandika maelezo, wakamwachia jioni ile ile. Kesi iliyoendelea ni ya Cheche. Hakimu alisoma daftari zima mwenyewe, kimya, kwa saa nzima, na mahakama ikamngoja. Alimfunga miaka minne.

Mama mkwe hakuhama. Kila mwezi huenda gerezani na sabuni na nguo safi, akirudi hasemi alichoambiwa. Mara ya kwanza alimuuliza Mama Pacha kama anakereka.

“Ni mwanao, Mama,” akajibiwa. “Nenda.”

Kwa sikio la kushoto Mama Pacha hasikii vizuri hadi leo, na mashine za dobi zikinguruma wenzake humgusa bega kabla ya kumsemesha. Alipoguswa zamani alikuwa akiruka, siku hizi hugeuka tu. Muuguzi alimpa daftari jipya. Wiki mbili lilibaki jeupe, kwani kila alipokamata kalamu alijikuta anatafuta pigo lililomkosa siku hiyo, na hakukuwa tena na pigo la kumkosa. Siku ya kumi na tano aliandika kwamba amekunywa chai yake yote ikiwa bado ya moto, akiwa amekaa. Alifikiri sana juu ya la pili, kengele ya mapumziko ikalia, akafunga daftari na kurudi kwenye mashuka.